Barua kwa Bwana Renée

Miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Fiction House ya New York ilikuwa ikipokea barua za wasomaji zilizoandikwa kwa Bwana Renée. Huyo ndiye aliyekuwa akimchora Señorita Rio, mwigizaji wa filamu aliyegeuka jasusi na kuwawinda mawakala wa Hitler huko Amerika ya Kusini. Bwana mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, Myahudi aliyekimbia Vienna, na jina lake kamili ni Lily Renée Wilheim. Kwenye kurasa alijiandika L. Renée. Herufi moja na nukta, basi. Yaliyobaki wasomaji walijijazia wenyewe.

Nimekuwa nikizifuata saini za namna hiyo katika vitabu vya katuni vya zamani vya Marekani. Vingi kati ya hivyo sasa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na vinasomeka bure kwenye intaneti. Ni kazi ya kuumiza macho. Unakodolea kona ya chini ya fremu ya kwanza, chini ya jani la mgomba au gurudumu la ndege, ukitafuta jina. Mara nyingi halipo. Mara nyingine lipo, lakini ni la mtu asiyewahi kuishi. Hata hivyo saini chache zilizosalia zinatosha kuthibitisha jambo ambalo historia nyingi za katuni zimelipita kando: wanawake walikuwamo tangu mwanzo, tena wengi, na kusahauliwa kwao hakukutokea kwa bahati mbaya.

Njia yenyewe inaanzia London. Mwaka 1867 jarida la vichekesho lililoitwa Judy lilimleta Ally Sloper, mzee mvivu mwenye pua kubwa ambaye kila siku anawakwepa wanaomdai kodi ya nyumba. Aliyemwanzisha ni Charles Ross, lakini kuanzia 1869 aliyemchora alikuwa mwenzi wake, Marie Duval, mwigizaji wa jukwaani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isabelle Émilie de Tessier. Mwaka 1873 vituko vya Sloper vikakusanywa kitabuni, na wapo watafiti wanaokihesabu kitabu hicho kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa vya katuni. Sifa akapewa Ross. Kwa muda wa karne nzima Duval, kama alitajwa, alitajwa kwa upande tu.

Marekani nako magazeti yaliwaingiza wanawake kwa mlango wa nyuma. Rose O'Neill alichapisha hadithi yake fupi ya picha katika jarida la Truth mwaka 1896, na watoto wake wanono waitwao Kewpie, waliotokea mwaka 1909, walimtajirisha kwa wanasesere waliouzwa kila mahali. Grace Drayton alichora watoto wenye mashavu manene waliotangaza supu ya Campbell. Nell Brinkley alichora mabinti wenye nywele za mawimbi. Wahariri hawakuwa na tatizo na mkono wa mwanamke ikiwa ulichora vichanga, paka na magauni. Edwina Dumm, aliyeanza mwaka 1915 kuchora katuni za siasa katika gazeti la Monitor la Columbus, Ohio, kabla wanawake wa nchi yake hawajapata kura, aliishia kuwa maarufu kwa katuni ya mtoto na mbwa wake.

Kitabu cha katuni cha senti 10 kilibadili mambo. Superman alipotokea katika toleo la kwanza la Action Comics mwaka 1938, kila mchapishaji wa New York alitaka kurasa, na alizitaka jana. Zikazuka karakana za katuni, maarufu kuliko zote ikiwa ile ya Will Eisner na Jerry Iger, zilizofanya kazi kama kiwanda cha nguo ambako mmoja anakata, wa pili anashona kola na wa tatu anatia vifungo. Mmoja alichora kwa penseli, mwingine akatia wino, mwingine akaandika maneno ndani ya viputo, na wa mwisho kwa cheo akafuta alama za penseli zilizobaki. Jina lililochapwa juu ya hadithi lilikuwa mali ya kampuni. Hadithi za Sheena, malkia wa msituni, ziliandikwa kuwa ni za W. Morgan Thomas, na W. Morgan Thomas hakuwahi kuwapo.

Kuhusu huyo Sheena lazima niseme neno, maana msitu anaotawala umewekwa Afrika. Ni Mzungu mwenye nywele za dhahabu, amevaa ngozi ya chui, na watu weusi wanaomzunguka wana kazi mbili tu, kumwogopa au kuokolewa naye. Hadithi za aina hiyo zililijaza jarida la Jungle Comics la Fiction House, na baadhi zilichorwa na wanawake. Marcia Snyder, kwa mfano, alimchora Camilla, malkia mwingine wa kizungu wa msitu huohuo wa kubuni. Kuwatafuta wanawake hawa hakunizuii kuona walichochora. Mwaka 1984 Sheena alifanyiwa filamu, Tanya Roberts akiwa nyota, na safari hiyo waigizaji na kamera waliletwa Kenya kweli. Msitu ukawa wa kweli, upuuzi ukabaki palepale.

Turudi New York. Japani iliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, vijana wa karakana za katuni walianza kuitwa jeshini. Kurasa zilibaki zinadaiwa kila mwezi, na askari kambini wakawa wanunuzi wakubwa. Trina Robbins, mchoraji aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika historia hii, alihesabu kwamba mwaka 1942 idadi ya wanawake katika vitabu vya katuni iliongezeka mara tatu. Fiction House iliajiri wengi kuliko kampuni nyingine yoyote. Fran Hopper alikuwapo. Ruth Atkinson alikuwapo, na Ann Brewster, na Ruth Roche, mwandishi na mhariri ambaye baadaye alikuja kuwa mshirika wa Iger katika biashara.

Lily Renée aliingia kwa mlango huo mwaka 1942. Alizaliwa Vienna mwaka 1921 katika familia iliyojiweza, akakua akipelekwa makumbusho na kwenye opera. Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938, dunia yake ilivunjika. Mwaka 1939 aliwekwa kwenye treni pamoja na watoto wengine wa Kiyahudi waliokuwa wakisafirishwa kwenda Uingereza bila wazazi, akafikia Leeds, na huko akajikuta anatumikishwa kazi za nyumbani. Aliwapata tena wazazi wake New York mwaka uliofuata, maskini. Alifanya vibarua vya kuchora mpaka mama yake alipoona tangazo gazetini: Fiction House inatafuta wachoraji. Hakuwa amewahi kuchora katuni. Alipewa kazi ya kufuta penseli na kusafisha kurasa, kisha kuchora mandhari ya nyuma, na baada ya muda mfupi akakabidhiwa hadithi nzima.

Ukiziangalia kurasa zake leo huhitaji saini kumtambua. Nguo za wanawake wake zina mikunjo na vitambaa vya watu waliozoea kuona mitindo ya Vienna. Fremu zake hazikai katika masanduku manne ya kawaida, nyingine ni duara, nyingine zimekatwa mshazari. Na maadui wake, Wanazi, wana nyuso ambazo naamini hakuzibuni. Msichana aliyefukuzwa kwao alikuwa akilipwa kila wiki kumpiga Hitler kwenye karatasi. Sijui mchoraji gani mwingine wa enzi hiyo aliyekuwa na sababu nzuri zaidi ya kuifanya kazi hiyo.

Wenzake nao hawakuchora magauni peke yake. Fran Hopper alimchora Jane Martin, aliyeanza kama muuguzi wa vitani na kuishia rubani. Alimchora pia Mysta wa Mwezini, mwanamke anayehifadhi kichwani elimu yote ya wanadamu baada ya ustaarabu kuangamizwa. Ni kweli kwamba mashujaa hawa walivaa nguo chache kuliko hali ya hewa ya mwezini inavyoruhusu. Hayo yalikuwa matakwa ya kampuni, na kampuni ilijua askari wananunua nini. Lakini hadithi baada ya hadithi, anayeshika bastola ni mwanamke, anayeendesha ndege ni mwanamke, na mwanamume ndiye anayefungwa kamba akisubiri kuokolewa. Ruth Atkinson alihamia Timely, kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, akawachora kwa mara ya kwanza Patsy Walker mwaka 1944 na Millie mwanamitindo mwaka 1945. Jarida la Millie liliendelea hadi 1973. Patsy baadaye alipewa vazi la paka na kuwa shujaa anayeitwa Hellcat, na wengi wanaomjua leo hawajawahi kulisikia jina la Atkinson.

Kabla ya hao wote, tarehe 6 Aprili 1941, magazeti ya Jumapili yalikuwa yameanza kuchapisha hadithi ya Marla Drake, tajiri wa mjini anayevaa ngozi ya chui mweusi na kuwa Miss Fury. Alimtangulia Wonder Woman kwa miezi kadhaa. Aliyemwandika na kumchora, kila neno na kila mstari, alitia saini Tarpé Mills. Jina lake la kwanza lilikuwa June. Aliliacha kwa makusudi, na baadaye alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba watoto wangevunjika moyo kujua kuwa mashujaa wa kutisha kiasi kile wametoka kwenye mkono wa mwanamke. Magazeti yalipogundua, kinyume cha hofu yake, habari ikawa tamu zaidi, kwa sababu Marla Drake alifanana na Mills mwenyewe kama picha ya kioo, na hata paka mweupe wa hadithini, Perri-Purr, alikuwa paka wake wa nyumbani. Ile ngozi ya chui, kwa taarifa ya msomaji, kwenye hadithi ni urithi wa mjomba aliyeipata kwa mganga wa Afrika. Hata katuni isiyo na msitu ilihitaji kuja kukopa kwetu.

Dalia Messick naye alilificha jina lake. Baada ya kukataliwa sana, alianza kujiita Dale, na Brenda Starr, mwandishi wa habari mwenye nywele nyekundu, akatokea gazetini Juni 1940. Kwa hiyo Dale, Tarpé, L. Renée. Ukiweka saini hizo tatu pamoja, huwezi tena kusema ilikuwa tabia ya mtu mmoja.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 wanaume walirudi kwenye meza zao za kuchorea. Mwaka 1946 wakaunda chama chao cha kitaifa cha wachora katuni, na wanawake hawakuruhusiwa kujiunga. Sababu iliyosimuliwa ni kwamba mbele ya wanawake wasingeweza kutukana kwa raha. Hilda Terry, mchoraji wa Teena, ambaye mumewe alikuwa mwanachama, aliwaandikia barua mwaka 1949: ama wakibadilishe chama jina kionyeshe kuwa ni cha wanaume, ama wafungue mlango. Mwaka 1950 wakaufungua, na Terry akaingia.

Kuna mwanamke mmoja ambaye njia yake haikupita kwenye karakana hizo kabisa. Zelda Jackson alizaliwa Pennsylvania mwaka 1911, akaolewa na Earl Ormes, na ulimwengu wa magazeti ukamjua kama Jackie Ormes. Alianza kama msahihishaji wa prufu katika Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani Weusi ambalo, kama wenzake, lilifika hadi majimbo ya kusini kwa mikono ya wahudumu weusi wa treni. Tarehe 1 Mei 1937 gazeti hilo lilianza kuchapisha katuni yake kuhusu Torchy Brown, msichana wa Mississippi anayepanda treni kwenda Harlem kutafuta umaarufu. Stesheni kuna vibao viwili, kimoja cha Wazungu, kingine cha Weusi. Torchy anajifanya hajui kusoma, anaingia behewa la Wazungu. Msomaji wa Courier wa mwaka 1937 hakuhitaji kuelezwa kwa nini hicho ni kichekesho, wala kwa nini si kichekesho.

Baada ya kuhamia Chicago, Ormes alianzisha mwaka 1945 kazi iliyodumu miaka 11: Patty-Jo na Ginger, fremu moja kila wiki. Ginger ni dada mkubwa, mrembo, hasemi neno. Patty-Jo ni mtoto mdogo na ndiye pekee anayesema, na husema yale ambayo mtu mzima angeyalipia: kodi, shule za ubaguzi, mabomu, kamati za bunge zilizosaka wakomunisti. Agosti 1955 Emmett Till, kijana wa Chicago wa miaka 14, aliuawa Mississippi kwa madai ya kumpigia mluzi mwanamke wa Kizungu. Wiki chache baadaye Patty-Jo anatoka jikoni akimwambia dada yake kwamba hapendi kuonekana mwepesi wa kukasirika, lakini kile kibirika cheupe kimempigia yeye mluzi. Nimesoma tahariri nyingi za mwaka ule juu ya kifo cha Till. Sijaona iliyofika mbali hivyo kwa maneno machache hivyo.

Mwaka 1947 Ormes aliingia mkataba na kampuni ya Terri Lee kutengeneza mwanasesere wa Patty-Jo, mweusi, mwenye nguo za kubadilisha na nywele za kuchanwa, wakati wanasesere weusi madukani walikuwa karibu wote vijakazi na vikaragosi. Mwaka 1950 Torchy alirudi kwa rangi, safari hii mtu mzima, na kabla hadithi haijaisha mwaka 1954 alikuwa pamoja na daktari mweusi katika mji wa kusini, wakipambana na kiwanda kinachowatilia wakazi sumu. Idara ya upelelezi ya FBI ilimfungulia faili lililofikia kurasa 287. Sitakuficha msomaji, hiyo ni sifa ambayo wachoraji wa Superman hawakuipata. Aliweka chini kalamu kwa sababu ya ugonjwa wa baridi yabisi, akafariki mwishoni mwa 1985.

Tofauti ya Ormes na wenzake wa karakana naiona wazi. Magazeti yake yalimtangaza, yalichapisha picha yake, na wasomaji walimjua kwa sura. Uhaba wa matangazo ya biashara katika magazeti hayo ulimnyima fedha walizopata wachoraji wa magazeti makubwa, lakini hayakumtaka ajifiche. Na bado, baada ya yeye kuondoka, ilibidi kusubiri hadi mwaka 1991 ndipo mwanamke mweusi, Barbara Brandon-Croft, akasambazwa kitaifa katika magazeti makubwa ya Marekani.

Mwaka 1954 ndio uliomaliza enzi. Daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinaharibu watoto. Kamati ya Seneti ikafanya vikao New York. Wachapishaji, kwa woga, wakajitungia kanuni kali za kujidhibiti. Kampuni zikafungwa moja baada ya nyingine, Fiction House ikiwamo, na mamia ya wachoraji, wanaume kwa wanawake, wakakosa kazi. Lakini mwanamume aliyefukuzwa alikuwa na chama, marafiki na jina la kubisha nalo hodi kwingine. Wanawake wengi walikwenda kuchora matangazo au vitabu vya watoto, au walikwenda nyumbani. Lily Renée tayari alikuwa ameondoka, akabuni vitambaa na kuandika michezo ya kuigiza.

Waliobaki katika vitabu vya mashujaa wanahesabika kwa vidole. Ramona Fradon alianza kumchora Aquaman wa DC mwaka 1951, akaendelea kwa takribani miaka kumi. Marie Severin alianza kwa kupaka rangi kurasa za kutisha za kampuni ya EC, baadaye akahamia Marvel, na miaka ya sabini akabuni vazi la Spider-Woman.

Hapa ndipo Trina Robbins anapoingia. Mwaka 1970, akiwa mchoraji wa katuni za mitaani huko San Francisco ambaye wanaume wenzake hawakumwita kwenye majarida yao, alishiriki kutoa kitabu cha kwanza cha katuni kilichochorwa na wanawake peke yao. Kisha akaanza kununua magazeti yaliyochakaa na kusoma saini. Mwaka 1985 yeye na Catherine Yronwode walichapisha historia ya kwanza ya wanawake katika katuni. Aliwatafuta waliokuwa hai, na miaka ya 2000 akampata Lily Renée New York, mwanamke wa zaidi ya miaka 80 ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kumuuliza juu ya Señorita Rio. Robbins aliandika maisha yake katika kitabu cha katuni cha mwaka 2011, na mwaka 2019 makumbusho ya Kiyahudi ya Vienna yakaonyesha kurasa zake katika mji uliomfukuza.

Usidhani jambo hili limekwisha. Mwaka 2016 tamasha la Angoulême nchini Ufaransa, mojawapo ya makubwa kabisa ya katuni barani Ulaya, lilitoa orodha ya wachoraji 30 wanaowania tuzo yake kuu. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Walioorodheshwa wenyewe wakaanza kujitoa kwa kupinga, na maelezo ya kwanza ya waandaaji yalikuwa kwamba historia ya katuni ina wanawake wachache. Maelezo hayo yanawezekana tu kwa mtu asiyesoma kona za fremu.

Heshima zimefika kwa kuchelewa. Ormes aliingizwa katika orodha ya mashuhuri ya tuzo za Eisner mwaka 2018, miaka 33 tangu afe. Tarpé Mills alifuata mwaka 2019, naye alikuwa amefariki tangu 1988. Lily Renée aliingia mwaka 2021 akiwa na miaka 100, akafariki mwaka uliofuata. Ramona Fradon alitangaza kustaafu Januari 2024 akiwa na miaka 97, akafariki Februari. Robbins alimfuata Aprili.

Sisi pia tumekulia kwenye katuni. Tumesoma Juha Kalulu ya Edward Gitau katika Taifa Leo, tumepokezana matoleo ya jarida la Sani mpaka yakachanika. Majina machache ya wachoraji tunayajua. Je, ya waliopaka rangi, waliotunga, walioandika maneno ndani ya viputo? Wengi wa waliofanya kazi katika vyumba hivyo vya Nairobi na Dar es Salaam ni wazee sasa, na nakala zinauzwa kwa kilo kufungia bidhaa. Kama una matoleo ya zamani, usiyatupe. Yapige picha, kona zikiwamo. Na kama unamjua aliyewahi kukaa kwenye meza hizo, mwanamume au mwanamke, mpigie simu wiki hii.